Mwenzangu anatembea tano, mie tatu yanitoa roho

Asalaam aleykum dada, na shikamoo.

Mie ni mama wa miaka 46, nauza khanga na vitenge hapa Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni ya kukaa. Nafungua duka nakaa, mteja akija nainuka, akiondoka nakaa tena mpaka magharibi. Mwaka huu nilikwenda kupima, daktari akaniambia presha imepanda na sukari iko mpakani, haijawa ugonjwa lakini inapiga hodi. Akanipa kidonge cha presha cha kumeza kila asubuhi, akaniambia nitembee. Nitembee haswa, si kuzunguka dukani.

Barabarani nilijaribu nikashindwa. Miguu haikunishinda, walionishinda ni watu. Kila hatua mbili, "Mama, wapi leo?", "Mama, kwema? Kuna msiba?" Nikisema natembea tu, wanacheka. Ndipo shoga yangu mmoja akanipeleka jimu yenye saa za wanawake peke yao. Nimeanza kwenye mashine ile ya kutembea, tredimili, huu mwezi wa pili, na naona niko palepale.

Nikiweka 3 natembea, lakini kwa kushikilia vyuma kwa mikono miwili, na jasho linanitiririka mpaka machoni. Nikipandisha 4 sitembei tena, nakuwa nakimbia-kimbia, na dakika mbili pumzi imekwisha. Mashine ya jirani kuna binti anaweka 5, anatembea huku anachati na simu! Kijana anayetusimamia ananiambia, "Mama unajidekeza, bonyeza tano, mwili utazoea." Siku moja nikabonyeza, nusura nitupwe ukutani. Tangu hapo miguu inaniuma kwa mbele, kwenye muundi, wala si kwenye vigimbi. Nikishuka, sakafu yote naiona inaendelea kwenda, mpaka nishike ukuta. Na juzi umeme ukakatika niko juu, mkanda ukasimama ghafla, kidogo nimwage meno.

Kikundi chetu cha vikoba kimepanga matembezi ya asubuhi kutoka Tangamano mpaka Raskazone na kurudi, miezi mitatu kutoka sasa. Wenzangu wengi ni wadogo kwangu. Sitaki kuwa yule anayepakiwa kwenye bodaboda katikati ya njia. Nifanyeje nipate kasi na pumzi? Au mwili ndio umeshachoka, nikubali yaishe? Maana mashine ile, kusema kweli, naiona kifungo.

Mama wa Khanga, Ngamiani

—

Waaleykum salaam mdogo wangu, marhaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile mara ya pili nikaacha habari za pumzi nikaanza kupiga hesabu. Hebu tuanzie hapo, maana nahisi unajilaumu kwa kosa la mashine.

Mashine hizi zinatujia kutoka kila pembe ya dunia, nyingine mpya, nyingi mitumba. Zilizotengenezewa soko la Marekani hupima mwendo kwa maili, nyingine hupima kwa kilomita. Jimu moja inaweza kuwa na za aina zote mbili zimepangwa bega kwa bega, na hakuna anayesema. Maili moja ni kilomita 1.6. Kama mashine yako ni ya maili, hiyo 3 yako ni kilomita 4.8 kwa saa. Yule binti na simu yake, kama mashine yake ni ya kilomita, anatembea kilomita 5 kwa saa. Mnakwenda mwendo mmoja nyie! Ile 4 iliyokumaliza ni kilomita 6.4 kwa saa, na ile 5 ya kijana ni kilomita 8, ambayo si kutembea hata kidogo, ni mbio. Watu wengi mwili wenyewe huacha kutembea na kuanza kukimbia mwendo unapokaribia kilomita 7 kwa saa, na mwenye miguu mifupi huanza mapema zaidi. Kwa hiyo ulipoona unakimbia-kimbia kwenye 4, mwili wako haukukudanganya.

Usiniamini kwa maneno matupu, kahakikishe. Tazama kioo cha mashine, karibu na tarakimu za mwendo: herufi MPH ni maili, KM/H au KPH ni kilomita. Kama herufi zimefutika, mwombe kijana akusaidie kitu hiki. Mashine ikiwa imezimwa, mpime urefu wa mkanda mzima, juu na chini, kwa tepu ya fundi cherehani. Mingi huwa karibu na mita 3. Chora alama ya chaki juu ya mkanda, washeni mashine tupu kwenye 3, mkae pembeni mhesabu alama inapita mara ngapi kwa dakika moja. Kwa mkanda wa mita 3, alama ikipita kama mara 17 hizo ni kilomita. Ikipita kama mara 27, ni maili.

Sasa, ikitokea kwamba mashine yako ni ya kilomita, basi barua yako inabadilika. Kilomita 4 kwa saa ni mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka, na haitakiwi kukukata pumzi kwa dakika mbili. Hapo usiongeze kitu, rudi kwa daktari umweleze hivyohivyo ulivyonieleza mimi. Lakini kwa jinsi ulivyosimulia, hasa hiyo habari ya kukimbia-kimbia, nabaki na maili yangu, na kuanzia hapa nitakuandikia tarakimu za mashine ya maili.

La kwanza kabisa ni mikono. Kushikilia vyuma huku unajihesabia dakika ni sawa na kubebewa ndoo na jirani halafu ukajisifu umeteka maji. Uzito wako unaegemea mikononi, miguu na moyo vinapata kazi pungufu, mgongo unapinda, na tarakimu kwenye kioo hazisemi tena ukweli. Kanuni ninayoifuata ni moja: mwendo usioweza kwenda bila kushika ni mwendo usio wako bado. Shuka mpaka 2, achia mkono mmoja, kisha wa pili, uzitupe mikono kama unavyotembea mtaani. Macho yatazame mbele, si miguuni. Ukiyumba, gusa chuma kwa ncha za vidole, ukae sawa, uachie. Wiki ya kwanza hii peke yake inatosha kuwa kazi.

La pili, muda kwanza, kasi baadaye. Hapa ndipo vijana wa jimu wengi wanapokosea na watu wazima. Moyo na mapafu hubadilika haraka kuliko mifupa na kano, kwa hiyo utajiona una nguvu kabla miguu haijawa tayari, na ukifuata pumzi peke yake miundi ndiyo italipa. Nenda siku nne kwa wiki, na mwanzoni ruka siku moja katikati. Dakika 5 za mwanzo weka 2, ndiyo kupasha mwili moto. Kisha dakika 10 kwenye 2.5, ambayo ni kilomita 4 kwa saa, mikono huru. Kisha dakika 5 za kushuka, 2 halafu 1.5. Hizo ni dakika 20. Kila wiki ongeza dakika 3 au 4 pale katikati tu, na mwendo usiuguse. Wiki ya nne inapokwisha utakuwa unatembea dakika 30 na ushee bila kushika kitu. Shoga yako akikuuliza mbona bado uko 2.5, mwambie aulize dakika.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na halikulazimishi kuzimaliza kwa mkupuo. Dakika unazotembea kwa miguu kwenda dukani, ukitembea kwa kujituma, zinahesabika. Kwa sukari yako iliyo mpakani, hata dakika 10 au 15 baada ya chakula cha mchana zina kazi yake, kwa sababu misuli inayotembea huvuta sukari kutoka kwenye damu. Mwache msaidizi dukani, zunguka.

Wastani maana yake nini? Usinunue saa ya kupimia mapigo. Ukiwa unatembea, jaribu kumtajia mteja wa kufikirika bei ya doti, mwafikiane, umrudishie chenji. Ukiweza kusema sentensi nzima lakini huwezi kuimba, upo penyewe. Ukiweza kuimba beti zima la taarabu na kibwagizo chake, unatalii. Ukishindwa hata kutaja bei, umezidisha, shusha. Watu wa Tanga mliotokea mji wa Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu, sidhani kama mtakosa cha kuimba. Ukitaka tarakimu, hesabu hatua: karibu 100 kwa dakika ndio mwendo wa wastani kwa watu wengi.

Nimekukataza saa ya mapigo kwa sababu ya kidonge. Hukunitajia jina lake. Kama ni atenolol, bisoprolol au mwenzao yeyote wa kundi hilo, huzuia mapigo yasipande, na ile hesabu ya jimu ya kukadiria kilele cha mapigo kwa kutoa umri kwenye 220 haikufai. Ungehangaika kukimbiza tarakimu ambazo moyo wako hautazifikia. Kidonge usikiache, na siku ya mazoezi umeze kama kawaida. Lakini ukibanwa kifua, maumivu yakipanda kwenye taya au yakishuka mkononi, macho yakiingia giza, au pumzi ikikata bila sababu, unasimama na unakwenda hospitali. Hilo halina mjadala wala halisubiri kesho.

Baada ya hiyo wiki ya nne ndipo tunapoigusa kasi, na tunaigusa kwa vipande. Ukishapasha mwili, weka 3 kwa dakika moja, rudi 2.5 kwa dakika mbili, halafu tena, mara sita. Fanya hivyo siku mbili tu katika wiki, na siku mbili nyingine baki na matembezi yako marefu ya pole. Wiki inayofuata dakika mbili kwa mbili. Kisha tatu za kasi kwa moja ya kupumzika. Siku moja utajikuta umekaa kwenye 3 bila kukumbuka kushuka. Kutoka hapo panda kwa 0.1 tu, au 0.2 ukijiona na nguvu. Ukifika 3.3 au 3.5, yaani kati ya kilomita 5.3 na 5.6 kwa saa, huo ni mwendo mzuri kabisa wa mwanamke wa umri wako, na sioni haja ya kuitafuta 4 kwa kutembea. Siku ya joto kali au siku hukulala vizuri, shuka bila kuona haya. Ila usipandishe muda, kasi na mwinuko katika wiki moja. Kimoja kimoja.

Mwinuko ni kile kitufe kingine chenye mshale wa kupanda, ambacho naona hujakigusa. Tanga yenyewe ni tambarare, hata baiskeli zinajua, kwa hiyo huhitaji kujifunza milima. Lakini kwa mwenye miguu mifupi mwinuko ni njia ya kuupa moyo kazi bila kulazimika kukimbia. Kipo kipimo cha moyo cha hospitali kinachofanywa juu ya mashine hiihii, kinaitwa kwa jina la daktari wa Marekani, Robert Bruce. Kinaanza na kilomita 2.7 kwa saa tu, pole kuliko unavyopita mitaani kwenu, ila kwa mwinuko wa asilimia 10, na kila dakika tatu wanaongeza mwendo na mwinuko. Watu wazima wenye nguvu zao hutoka jasho humo wakiwa bado wanatembea. Wewe anza na asilimia 1, kisha 2, na siku unayopandisha mwinuko punguza mwendo kidogo. Ukishika vyuma kwenye mwinuko umeufuta.

Miundi yako. Msuli wa mbele ya mguu ndio unaonyanyua vidole kila hatua na kuvishusha taratibu kisigino kikishatua. Ukimlazimisha mtu asiyezoea atembee kwa kasi, tena kwa hatua ndefu, huo ndio wa kwanza kulalamika. Piga hatua fupi za harakaharaka, kisigino kitue karibu na mwili, usikitupe mbele. Vaa raba zenye kamba, zisizokwisha soli, si ndala wala viatu vya wazi. Ukiwa dukani umekaa, visigino chini, nyanyua vidole juu na kuvishusha mpaka uchoke, mara kadhaa kwa siku. Kukiwa na maumivu pumzika siku mbili tatu, urudi kwa mwendo wa chini. Ikiwa pana sehemu moja ya mfupa ukiibonyeza unaruka, au maumivu yanakuamsha usiku, hayo si ya msuli, kapimwe.

Sakafu kutembea baada ya kushuka haina ubaya, isipokuwa unaweza kuanguka. Muda wote ule miguu imekwenda lakini macho yameona ukuta uleule, na sikio la ndani linaloshika mizani limeshazoea uongo huo. Ukishuka linachelewa kurekebisha. Tena ukisimama ghafla damu inabaki miguuni. Zile dakika 5 za kushuka ndizo dawa. Mkanda ukishasimama kabisa, kaa pembeni ya mashine umeshika chuma, vuta pumzi, ndipo ushuke. Hapa kushika ruksa.

Umeme. Kila mashine ya maana ina kamba fupi yenye kibanio, inachomekwa kwenye mashine, na upande wa pili unabana kwenye nguo yako. Ukirudi nyuma sana kamba inachomoka na mkanda unasimama. Idai. Kama imepotea, mwenye jimu ainunue, na mpaka hapo tumia mashine yenye kamba. Umeme ukikatika kamba haikusaidii, lakini mwendo usiohitaji kushika hukuacha na nafasi ya kujikamata, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na 2.5. Kuwasha nako, miguu iwe kwenye kingo za pembeni, mkanda uanze taratibu, ndipo ukanyage. Suruali pana na shati refu sawa, mtandio uuchomeke ndani. Dera libaki nyumbani, pindo lake likiingia kwenye mkanda litakuvuta.

Jasho lisikutishe. Unyevu wa pwani unalizuia lisikauke, na juu ya mashine huendi popote, kwa hiyo upepo haukupigi. Omba feni ielekezwe kwako, weka chupa ya maji karibu. Ramadhani ikija, nenda saa moja hivi baada ya futari nyepesi, na uwaache wenye sambusa zao.

Na ulivyosema kifungo, hukukosea sana. Mwaka 1818 huko Uingereza mhandisi William Cubitt alibuni gurudumu la kukanyagwa na wafungwa, ngazi isiyo na mwisho, na magereza mengi yakalitumia. Kwa hiyo ruksa kuchoka na ukuta. Kuanzia wiki ya tano, siku moja kati ya zile nne toka nje. Chini mchanga, upepo wa bahari usoni, mashimo, bodaboda, miguu inajifunza mambo ambayo mkanda haufundishi. Nendeni wawili watatu wa kikundi, alfajiri baada ya swala, upande wa Raskazone ambako wanaotembea ni wengi. Mtu peke yake anaulizwa kuna msiba. Wanawake watatu wenye raba hawaulizwi.

Kijana usigombane naye. Mwonyeshe hiyo chaki na hesabu yake, naamini atawashusha na wengine.

Siku ya matembezi, pimeni njia mapema kwa simu mjue ni kilomita ngapi. Kwa mwendo wako wa 3, kilomita moja ni dakika 12 na nusu, zidisha ujue utakaa barabarani muda gani, na hakikisha umeshatembea angalau robo tatu ya muda huo kwa mkupuo mmoja kabla. Wiki ya mwisho punguza, usijaribu raba mpya. Mkianza pale Tangamano wadogo watatoka mbio, hilo halizuiliki. Waache watangulie, wewe shika mwendo wa kutaja bei ya doti. Na ukiniandikia tena, nitajie jina la kidonge.